Suyunchu ya Nurzada

Kijiji cha Karool-Bulak,
Mkoa wa Naryn,
Tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu Tolomush,

Kabla ya lolote, miguu yako. Vile vidole vilivyokufa ganzi msimu uliopita vimepona, au bado unavikanyagia hivyo hivyo? Soksi za sufu nilizompa dereva wa lori zimekufikia? Nakujua wewe: ukizipata utazigawa kwa wenzako wa visima vya gesi, kisha unidanganye kwamba zinakubana. Zivae. Sikukulea kwa maziwa ya mbuzi ili uje ugande huko kaskazini mwa Urusi.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kulia linatabiri theluji kuliko redio. Yule ng'ombe mwekundu uliyesema ni tasa amezaa, na ndama ana baka jeupe kwenye paji la uso. Mwanangu Kubat amenenepa mpaka mkanda wa baba yake haumfikii. Kaburi la mzee wangu, shemeji yako, tumelijengea ukuta mpya kabla ardhi haijaganda.

Sasa kaa chini. Mkaza mwanangu Nurzada, mke wa Kubat, ni jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi nzima. Bunge limempitisha. Nimeiandika polepole ili usije ukasema umesoma vibaya.

Simu yako haikamatiki, nami sitaki uisikie habari hii kwa jirani yetu Batma, ambaye hivi sasa anakisimulia kijiji kizima kana kwamba ni yeye aliyekuwa bungeni. Mimi ndiye niliyekuwepo. Tena nilitolewa nje na walinzi, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Mwanzo nilidhani ni jambo la siku moja. Rais anapeleka jina, wabunge wanapiga makofi, watu wanakula. Nurzada alinieleza zaidi ya mara moja kwamba mambo hayaendi hivyo: majaji wenyewe wanachujana kwanza, kisha Rais anapeleka jina, kisha kamati ya Bunge inamhoji anayependekezwa, na mwisho Bunge zima linaketi na kupiga kura. Na Bunge hilo, akasema, lina haki ya kukataa. Mimi nilikuwa nikikanda unga wa maandazi ya boorsok. Yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Basi siku ya kamati, Batma akaja mbio mpaka getini, kitambaa kimemtoka kichwani, akasimama kunidai suyunchu yake kabla hajatoa habari. Unajua nilivyo kwenye jambo hilo. Mleta habari njema hatoki kwangu mikono mitupu. Nikamwambia achukue yule kondoo dume mwenye kichwa cheusi, ndipo akasema Nurzada amepita. Nilimbusu Batma mashavu yote mawili, na hilo nalo najutia.

Tukachinja. Watu walijaa mpaka zizini. Nilivaa kizibao cha mahameli, nikawa naenda nikirudi bila kazi yoyote ili watu wakione. Katikati ya kula Nurzada akapiga simu kutoka Bishkek, akasikia kelele, akauliza nani anaoa. Nikamwambia ni yeye tunayemsherehekea.

"Mama," akasema, "hiyo ilikuwa kamati tu. Bunge zima ni wiki ijayo. Na wanaweza kunikataa."

Nikageuka, nikawaona watu wote wananitazama na mafuta mikononi. Sijawahi kuona nyama ikitafunwa kwa huzuni namna ile. Nilimfuata Batma kesho yake kumwomba dume langu, akanijibu kwamba suyunchu hairudishwi. Kinachoniuma ni kwamba kwa desturi yuko sahihi.

Baada ya aibu hiyo wazee wa ukoo wakaja na mpango wao. Walitaka kumpelekea kila mbunge wa mkoa wetu kondoo mmoja na kumvisha joho, ili kuliweka jambo sawa. Nurzada alisikia, akapiga simu, akasema kwamba mtu yeyote wa nyumba hii akimpa mbunge hata bakuli la chai, yeye mwenyewe ataliondoa jina lake. Wazee waliguna sana. Mimi niliguna pamoja nao kwa heshima, lakini moyoni nilifurahi.

Kumbe alikuwa na sababu ya kuogopa. Unayakumbuka malisho ya bonde la Chaar-Tash, yale ambayo tajiri mmoja aliyazungushia waya, wachungaji wakawa wanazunguka mlima mzima kutafuta majani? Kesi ile aliisikiliza Nurzada. Aliamuru waya utolewe na malisho yarudi kwa wachungaji. Yule tajiri hakulala toka siku hiyo. Amekata rufaa mpaka juu, na watu wake wakaanza kusambaza maneno kwamba jaji alihukumu vile kwa sababu jamaa za mumewe walikuwa na kondoo kule.

Hapo ndipo nilipoelewa uzito wake. Kukosa kiti si kitu, angerudi mkoani akaendelea na kazi. Lakini Bunge likimkataa kwa neno la upendeleo, basi hata ile hukumu ya malisho ingeanza kunuka, na waya ungerudi. Wachungaji wa Chaar-Tash walilijua hilo kuliko sisi. Mmoja alikuja kunisalimia, akakaa muda mrefu bila kusema neno, akaondoka.

Nikamwambia Kubat naenda Bishkek. Akasema mlima wa Dolon una theluji, goti langu bovu, na bungeni si mahali pa wazee. Nilimwacha aseme mpaka akachoka, kisha nikamwuliza tunaondoka saa ngapi.

Alinitafutia kibali cha kuketi kwenye roshani ya wageni. Mlangoni walinzi walipekua mkoba wangu wakaukuta mfuko wa kurut. Nilikuwa nimezifinyanga mwenyewe kwa mtindi na kuzikausha, ngumu kama kokoto, nilipanga kuzimung'unya nikiwa na wasiwasi. Mlinzi mmoja, kipande cha mtu, akasema havirushwi vitu vigumu humu ndani. Nikamwuliza nani atapoteza kurut nzuri kwa kumtupia mbunge. Akacheka lakini mfuko akauchukua, akaniambia nitaukuta nikitoka.

Kabla ya Nurzada alisimamishwa bwana mmoja aliyependekezwa kama yeye, mwenye suti nzuri kuliko zote. Walimwuliza kuhusu jumba lake la kando ya ziwa, akaanza kueleza habari za mjomba. Wakapiga kura, ubao ukawaka mwekundu karibu wote. Alikusanya makaratasi yake, akatoka bila kumtazama mtu. Ndipo nikajua kwamba wale watu kweli wanakataa. Mdomo ulinikauka, na kurut ndiyo hiyo iko mlangoni.

Nurzada akaitwa. Alikuwa amevaa nguo nyeusi, na kitambaa kichwani, kile cha bluu nilichompa alipoingia nyumbani kwetu. Kazini havai kitambaa. Siku ile alikivaa kwa sababu alijua niko juu. Aliulizwa mambo ya sheria, akajibu bila haraka. Nilianza kupumua.

Kisha akasimama mbunge Toichubaev. Huyu ni mtoto wa Naryn kama sisi, mama yake Kalbubu tulikata nyasi pamoja enzi za shamba la ushirika. Alianza kwa upole, akamsifu Nurzada na elimu yake. Halafu akasema inasemekana baba mkwe wa jaji ni mmoja wa wale wachungaji waliorudishiwa malisho. Nurzada akamjibu kwamba baba mkwe wake aliendesha gari la kusukuma theluji kwenye mlima wa Dolon maisha yake yote, hakuwahi kuwa na kondoo Chaar-Tash, na alifariki kabla kesi haijafunguliwa.

"Mungu amrehemu," akasema Toichubaev. "Lakini hata marehemu ana jina. Tutajie, tulitafute kwenye orodha ya wachungaji."

Nurzada akanyamaza.

Mdogo wangu, wewe unajua sheria ya nyumba zetu. Aliyeolewa halitamki jina la baba mkwe wake, awe hai awe kaburini. Nami silitamki la mume wangu. Si ulinicheka mwenyewe mwaka ule nilipolazwa hospitali, muuguzi akaniuliza jina la mume, nikamwambia akamwulize mgonjwa wa kitanda cha pili? Miaka yote ya ndoa nilimwita mzee, au baba Kubat, au wewe. Alipokufa waliolia kwa jina lake ni dada zake. Mimi nililia bila jina.

Na Toichubaev anaijua sheria hiyo vizuri sana. Ndiyo maana aliuliza. Nurzada akilitaja jina, jioni habari itakuwa Naryn nzima kwamba jaji huyu hana adabu kwa wafu. Asipolitaja, basi anaficha. Mtego wa kushika miguu yote miwili.

Nurzada alisema jina hilo limo kwenye faili alilopeleka bungeni, akaomba katibu alisome. Toichubaev akajibu kwamba hakuliuliza faili. Wale wabunge vijana waliokulia mjini wakaanza kunong'onezana. Nilimsikia mmoja, chini yangu kabisa, akimwambia mwenzake hapo pana jambo.

"Jaji mzima anashindwa kutaja jina la mtu mmoja," Toichubaev akasema, akiwageukia wenzake. "Kesho akiletewa mtu mwenye nguvu, hukumu ataisomaje?"

"Mahakamani nataja kila jina, mheshimiwa," Nurzada akamjibu. "Pale nasema kwa niaba ya nchi. Hapa umeniuliza kama mke wa nyumba ya watu, na mwenye nyumba hiyo yuko humu ndani ananisikia."

Akainua macho kuelekea roshani. Hakuniomba kitu. Angeniomba pengine ningeogopa. Alinitazama tu, nikaona kabisa kwamba binti huyu yuko tayari kupoteza kiti, na hukumu yake, na malisho ya watu, lakini hatanivunjia heshima mbele yangu.

Nikasimama. Goti lililia, naapa walilisikia mpaka chini. Nikashika ukingo wa roshani.

"Mimi ni mama mkwe wake," nikasema. "Swali hilo ni langu."

Na nikalitaja, Tolomush. Jina lake, na la baba yake, na la babu yake. Nilidhani ulimi utakatika, lakini lilitoka zima, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikawaambia na mahali alipozikwa, na rangi ya gari aliloendesha. Nikawaambia watafute kwenye orodha yao mpaka macho yaume.

"Na wewe mtoto wa Kalbubu," nikamalizia, "ukifika nyumbani kamwulize mama yako kama ni adabu kumvua mke wa watu kitambaa hadharani."

Hapo ukumbi ulilipuka. Wengine walicheka, wengine walipiga makofi, Spika akagonga nyundo yake na kuamuru mgeni atolewe. Alikuja yule yule mlinzi wa kurut, akanishika mkono kwa adabu kana kwamba ananipeleka mezani. Mbunge mmoja mzee mwenye kofia nyeupe ya sufu alisimama mpaka nikatoka.

Lakini nje, mdogo wangu, niliishiwa nguvu. Walinikalisha kwenye kiti cha kijani kwenye korido, mlango ukafungwa, nikabaki nasikia mvumo tu. Nikaanza kujilaumu. Niliwaza kwamba nimevuruga kikao cha Bunge, na sasa watamkataa kwa sababu ya kikongwe mwenye mdomo. Niliwaza jinsi nitakavyorudi kijijini, na Batma kwenye geti lake. Nilimwita mzee wangu kimoyomoyo, kwa jina lake, maana lilikuwa limeshatoka, nikamwomba anisaidie.

Mlango ukafunguliwa. Mlinzi akatoka, akasimama mbele yangu mikono nyuma.

"Mama," akasema, "suyunchu."

Mtu akishaungua mara moja hana haraka tena. Nikamkazia macho.

"Ya kamati au ya Bunge zima?"

"Ya Bunge zima, Mama. Wamempitisha."

Nililia. Sitakuficha, nililia mpaka kizibao kikalowa. Nilipapasa mkobani sikupata cha kumpa, nikamwambia achukue ule mfuko wa kurut walioninyang'anya, wote, na akiishiwa aje Karool-Bulak nimwongezee. Akainama nikambusu kwenye paji la uso.

Ni yeye aliyenisimulia yaliyotokea nilipotoka. Katibu alilifungua faili akasoma jina, likawa lile lile nililosema, na kwenye orodha ya wachungaji halikuwemo wala la ndugu zake. Kisha mbunge mmoja wa kike wa Talas, mtu mzima, akamwambia Nurzada kwamba jina la aliyekufa limeshapatikana, sasa ataje la aliye hai: nani aliyezungushia waya malisho ya Chaar-Tash? Nurzada hakumeza mate. Akamtaja yule tajiri, jina lake na la baba yake na kijiji chake, mbele ya jamaa zake watatu waliokuwa wameketi mle mle ukumbini. Halafu vitufe vikabonyezwa na ubao ukawaka kijani, pembe hadi pembe, na wekundu wachache tu wa kuhesabika. Hata Toichubaev alibonyeza kijani. Nadhani alimkumbuka mama yake.

Nurzada alitoka amezungukwa na watu wanaompa mkono. Aliwaacha wote, akaja akapiga magoti kwenye sakafu ile baridi mbele ya kiti changu, yeye jaji wa Mahakama ya Juu, akaweka kichwa mapajani mwangu.

"Mama, umelitaja," akasema. "Kwa ajili yangu umelitaja."

Nikamwambia, "Wewe una majina ya nchi nzima ya kutaja. Hilo moja niachie mimi."

Kubat, mwanamume mzima wa kilo zile, alikuwa amegeukia ukuta anajifanya anasoma tangazo la moto.

Tulirudi nyumbani na theluji ya kwanza. Wachungaji wa Chaar-Tash walitupokea njiani wakiwa juu ya farasi, wakatusindikiza mpaka getini, na yule aliyekuja kwangu akakaa kimya, safari hii aliimba mpaka sauti ikamkauka. Batma naye alikuwepo. Alianza kusema kitu kuhusu suyunchu, nikamwambia yake ameila kabla haijaiva, na kama ana haya anialike siku ya kumchinja yule dume. Amekubali. Ijumaa tunakula kwake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda na Nurzada makaburini. Alikuwa amejifunga kitambaa kile kile, akasoma dua yake kimya. Nilimwambia mzee kwamba nimelitaja jina lake mbele ya Spika, wabunge na televisheni, na kama anataka kunigombeza asubiri nifike. Kisha nikalitaja tena, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwita mwenzake aje kula. Nilipendezwa nalo. Ni jina zuri, na kwa miaka yote hiyo nililiacha wengine walitumie.

Nimechoka kuandika, na unga wa Ijumaa haujachekechwa. Nurzada anakusalimu sana, anasema usitie saini mkataba wowote huko bila kumsomea. Kubat anakusalimu, na ndama mwenye baka jeupe tumemwandika kuwa wako, ukirudi utamkuta amekuwa ng'ombe. Wafikishie salamu wenzako wa visimani, na yule Mtatari anayekupikia mwambie namwombea. Mungu akulinde na baridi, akujalie mkate wa halali na njia nyeupe ya kurudia nyumbani.

Hapa chini nimeandika jina langu kama ninavyotaka liandikwe kuanzia sasa. Mkono ulisita kidogo, kisha ukaenda.

Dada yako anayekungoja,

Sairakan, mke wa Turgunbai